Wagonjwa Wangu Hawakuwa Takataka

Kama umekuja kwenye udaktari wa akili ili watu wakuogope, rudi nyumbani leo, tusipotezeane muda. Mgonjwa anayekuogopa atakwambia unachotaka kusikia. Nawe utakiandika, utakisoma mbele ya wasomi wenzako, watakupigia makofi, na wote mtatoka hapo mkiwa wajinga kuliko mlivyoingia.

Mimi ni Ngoie. Nimezaliwa hapa Likasi, mji wa shaba kusini mwa Kongo, katika kambi ya wafanyakazi, kwenye zile nyumba za matofali zilizofanana mpaka walevi walikuwa wakiingia kwa jirani na kuomba chakula. Baba alikuwa mtu wa upande wa Bukama, fundi wa mitambo kwenye kampuni ya shaba; mama alikuwa Mubemba. Nilisomea udaktari hapa nchini, nikaenda Ulaya kusomea magonjwa ya akili, kisha nikarudi. Wenzangu wengi hawakurudi. Mtaani watu walimuuliza mama yangu kwa sauti ya chini kama kule nilifukuzwa.

Ugonjwa nilioufuatilia maisha yangu yote ni skizofrenia. Mnaujua kwa vitabu, ila ndugu wa wagonjwa wanaosoma haya huenda hawaujui, basi nauelezea kwa maneno ya nyumbani: mtu anasikia sauti ambazo aliyekaa naye hazisikii, anaamini jambo ambalo hakuna awezaye kumtoa humo, na polepole anajitenga, anaacha kuoga, anaacha kula na wenzake. Si pepo, si ulozi, wala si adhabu ya mtu aliyekula mali ya marehemu. Ni ugonjwa, kama kisukari.

Profesa aliyenifundisha utafiti alikuwa mzee mfupi, mkali, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande wa sikio moja. Siku nilipompelekea mpango wangu wa kazi, wenye majedwali mazuri, aliusukuma pembeni bila kuufungua.

"Utafiti ni nini?" akaniuliza.

Nikamjibu kama kitabu.

"Hapana. Utafiti ni kurudi. Umwone mtu leo, umrudie mwakani, umrudie tena mpaka akuchoke. Ukimwona mara moja umepiga picha tu, na ugonjwa huu haukai kwenye picha."

Ndiyo maana nilichagua mji wangu. Nilifundisha chuoni Lubumbashi, na kila wiki nilipanda basi kuja Likasi, ambako nilikuwa nimepewa banda nyuma ya hospitali, stoo ya zamani ya vitanda vibovu. Tulivitoa vitanda, tukapaka chokaa, tukaweka mabenchi. Muuguzi wangu alikuwa Mwape, baba wa watoto wengi, mtu wa rozari na mizaha. Mgonjwa wa kwanza kuketi kwenye benchi lile alikuwa Feza.

Feza alikuwa mke wa mtu wa kiwandani, mrefu, mshonaji hodari. Alisikia sauti za wanaume wawili wakibishana juu yake, na zilipozidi alitoka na kutembea mjini akizijibu. Nilikuwa nimetoka Ulaya na maswali yaliyochapwa, ya kumpima mtu kama ana ugonjwa ule. Nikaanza kumsomea, nikitafsiri.

"Unaamini kwamba kuna watu wanaokuangalia na kukufuata?"

Feza akatazama dirishani, akamtazama Mwape, akanirudia mimi, akajibu kwa Kiswahili chetu cha mgodini, ambacho 'wa' ni 'ba', 'mimi' ni 'minye' na 'ndiyo' ni 'njo'. "Kwani weye, Mama Docteur, habakuangalie?"

Nikaenda kwenye swali la pili. "Redio huwa inasema nawe, wewe mwenyewe?"

"Njo kila asubui. Inaniambia nicheze."

Kweli ilikuwa hivyo. Miaka ile, kabla ya kazi, watu walipangwa kwenye nyua za viwanda na maofisi waimbe sifa za Mkubwa wa nchi na kumchezea. Asiyecheza alionekana. Nikasoma swali la tatu: "Umewahi kuamini kwamba wewe ni mtu mwingine, si yule uliyezaliwa?"

"Minye nilibatizwa Françoise," akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Sasa banasema Françoise ni jina ya bazungu, mubaya, niko Feza tu. Ni beye njo banasema, docteur. Haiko minye."

Mwape alitoka nje. Nilimsikia akicheka nyuma ya banda mpaka akakohoa. Mimi nikayakunja yale maswali. Kwa kipimo kile, mji mzima ulipaswa kulazwa kwangu, pamoja na wakubwa wake.

Tukatunga mengine, na haya nawapa bure. Usimuulize mtu kama anasikia sauti. Muulize nani alimwamsha leo. Muulize sauti zinakuja akiwa anafanya kazi gani, na zinanyamaza wakati gani. Waulize wa nyumbani tangu lini hali sahani moja nao. Keti chini kuliko yeye kama benchi linaruhusu. Na jifunze kutofautisha woga wa wote na woga wa mmoja. Mzima aliyewaogopa wapelelezi alishusha sauti. Feza alipozidiwa aliipandisha. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti kwenye mji wetu, na hakuna kitabu kilichokuwa nayo. Mwenzangu mmoja kutoka Ulaya alipita kututembelea, akaniambia maswali yangu si ya kisayansi. Nikamwomba abaki kidogo. Alipoondoka alikuwa ananong'ona kama sisi.

Sikuwa mtu wa kuomba radhi, na sijaanza sasa. Kulikuwa na waliosema Mwafrika mwenye ugonjwa huu anapona mwenyewe kijijini, kwa ngoma na hewa safi. Uongo mtamu. Kulikuwa na wengine waliosema hapo hapana tumaini, afungwe tu. Uongo mchungu. Nilichokiona kwa kurudi na kurudi ni kwamba dawa ilifanya kazi nusu, na nusu ya pili ilifanywa na mtu wa kula naye. Mgonjwa aliyemeza vidonge peke yake chumbani alibaki chumbani.

Chukueni mfano wa Banza. Huyu alivunja mawe kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, kijana mwenye mabega, mpaka alipoanza kusikia mawe yakimtukana. Tulimpa klopromazini, sauti zikapungua, akarudi kazini. Baada ya siku chache akaja uso umebabuka. Dawa ile inafanya ngozi isivumilie jua, na kule Kakontwe jua linapiga juu ya jiwe jeupe na kukurudia kutoka chini. Mkewe alikuwa na kofia ya ukingo mpana ya kwendea misa. Banza akaivaa machimboni, na utepe wake. Msimamizi akamcheka, wenzake wakamcheka, yeye akaendelea kuvunja mawe. Mwishoni wawili kati ya waliomcheka walinunua kofia zao. Kwa hiyo, unapompa mtu dawa, nenda kaone mahali anapofanya kazi. Usipokwenda, ataiacha na wewe utamwita mkaidi.

Sasa niwaambie habari ya lori, maana ndiyo mnayoiulizia, na huko mjini inasimuliwa kwa uongo mwingi.

Kila Mkubwa wa nchi alipotarajiwa Likasi, mji ulisafishwa. Mashimo yalijazwa, mashina ya miti yalipakwa chokaa, na wale waliotembea barabarani wakisema peke yao walikusanywa na kupakiwa kwenye lori. Neno lilikuwa lile lile kwa mashimo na kwa watu: kusafisha. Mara ya kwanza sikujua mpaka Banza alipokosa kuja kuchukua dawa. Walikuwa wamemkuta njiani anarudi kutoka Kakontwe, amechoka, anaimba peke yake. Walimpeleka mbali kwenye barabara ya Kolwezi, wakamshusha porini pamoja na wengine, lori likageuka. Alirudi kwa miguu. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu havikutoka, na mawe yalikuwa yameanza tena kumtukana. Bibi mmoja aliyelala kwenye ngazi za soko, ambaye Mwape alikuwa akimpelekea uji, hakurudi kabisa.

Nilizunguka maofisini kuuliza. Kila mtu alikuwa mpole. Mmoja aliniambia, "Mama, sisi hatujue beye beko wapi. Sisi tulisafisha tu."

Nilikwenda nyumbani nikakaa jikoni kwa mama yangu, nikachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Mama alidhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Miaka ikapita, ikatangazwa ziara nyingine. Safari hii mkubwa mmoja wa mji, nisiyetaka kumtaja jina wala cheo, alikuja mwenyewe bandani. Alivaa koti lile la wakubwa wa enzi ile, la kufungwa mpaka shingoni, viatu vinang'aa, na aliketi kwenye benchi la wagonjwa baada ya kulipangusa kwa leso.

"Mama Docteur, tunaomba utusaidie. Tuko na lori ya kampuni. Bale bantu ba wazimu banatembea-tembea mu mji, weye njo unabajua. Utuonyeshe tu."

"Nabajua," nikasema. "Njo maana nakatala."

Akatabasamu. "Unajua ni nani unamukatalia?"

"Namujua. Na unajua bale banapotupwa, bengine habarudi?"

Alisimama, akatazama banda lote kama mtu anayekadiria bei ya nyumba, akasema nina maisha mazuri mbele yangu: chuo, safari za Ulaya, cheo. Halafu akaaga kwa heshima.

Mwape alikuwa amesikia yote. "Mama, minye niko na batoto," akasema.

"Bakia nyumbani, Baba Mwape. Sitakasirika."

"Sikusema nitabakia. Nilisema niko na batoto." Akavuta benchi, akaketi. "Tufanye nini?"

Tulifikiri kuwaficha. Lakini utamfichaje mtu anayejibizana kwa sauti na wanaume wawili wasioonekana? Na nilikuwa nimechoka kuficha. Wagonjwa wangu walikuwa wameanza kutoka, kununua chumvi wenyewe, kusalimia. Kuwarudisha chumbani kwa sababu ya mgeni mmoja kungekuwa kuwafundisha kwamba wao ni aibu. Basi tukatumia sheria ya wakubwa wenyewe. Serikali iliamuru kila mtu ashiriki salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mji. Hakuna aliyeruhusiwa kukataa salongo. Wala hakuna aliyeandikwa kwamba haruhusiwi.

Tukapita nyumba kwa nyumba. Kwa kila mgonjwa tulimwomba ndugu mmoja aje naye, na ufagio. Mke wa Banza alizungumza na wanawake wenzake wa parokia, nao wakaja na vitenge vyao vya chama cha akina mama, wakawagawia wagonjwa wa kike waliokuwa hawana. Asubuhi ile tulijipanga kwenye barabara ya kutoka stesheni, chini ya mijakaranda iliyokuwa imeangusha maua yake yote, tukaanza kufagia. Mimi nilivaa koti langu jeupe. Banza alivaa kofia.

Lori likaja, na gari la mkubwa nyuma yake, na askari watatu. Akashuka, akatazama safu ile ndefu.

"Aba bantu bote ni ba nani?"

"Ni bantu ba salongo, chef," nikamjibu; ndivyo tulivyowaita wakubwa.

"Na bale ba wazimu beko wapi?"

"Beko hapa," nikasema. "Banafagia. Chagua weye mwenyewe."

Angeweza kugeuka na kwenda. Lakini watu walikuwa wamesimama kutazama, na mkubwa hapendi kuambiwa achague halafu ashindwe. Akaanza kutembea mbele ya safu, mikono nyuma. Akasimama mbele ya mwanaume aliyekuwa anachezesha midomo bila sauti, macho chini.

"Huyu."

"Chef," Mwape akasema, "minye ni infirmier wa lopitalo. Nilikuwa nasali."

Watu wakacheka. Si kwa nguvu, lakini kicheko kile kilipita safu nzima. Mkubwa akaenda mbele, akamwonyesha mwanamke mmoja mchafu wa vumbi, nywele zimetimka, nguo imechanika begani. Alikuwa mke wa Banza, aliyekuwa amegawa kitenge chake na kufagia kuliko wote. Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na hapo nikaanza kuogopa, maana niliona uso wake unabadilika. Mkubwa akichekwa mbele ya askari wake, lazima mwingine alipe.

Akamfikia Feza. Feza alikuwa amesimama na ufagio wake, anatabasamu pembeni, anatikisa kichwa kama anayekataa bei sokoni. Sauti zilikuwa zimemjia. Mkubwa akamshika mkono.

"Huyu, docteur. Huyu sikose."

Hakukosea, na mimi sikudanganya. Nikasema, "Kweli, huyu ni mugonjwa. Ni mama ya batoto bane, anashona nguo, anakunywa dawa yake. Anaenda wapi?"

"Anapanda."

Askari akamsukuma Feza juu ya lori. Feza hakupiga kelele. Aligeuka kunitafuta kwa macho, na sikuwahi kuona macho ya mtu yakiuliza hivyo. Sikufikiri. Nikashika ubavu wa lori, nikapanda. Goti langu liligonga chuma na koti likajaa vumbi jeupe la chokaa.

"Docteur, shuka," mkubwa akasema.

"Nashuka na yeye."

Mke wa Banza akatupa ufagio, akapanda. Halafu mama mmoja wa parokia, mnene, aliyehitaji kusukumwa na wawili. Halafu mwingine. Mwape akapanda na rozari yake. Wakaendelea kupanda, wagonjwa na wazima, mpaka lori likajaa watu wamesimama wameshikana mabega, na mtu aliyetazama kutoka chini asingeweza kusema nani ni nani. Feza akanisogelea.

"Tunaenda wapi?"

"Sijue, mama."

"Pamoja?"

"Pamoja."

Akashika koti langu kwa nyuma, akaacha kuzijibu sauti.

Mkubwa alimpigia dereva kelele aondoe lori. Dereva alikuwa mtu wa kampuni, mzee wa ndevu chache, hajatuangalia tangu mwanzo. Alitoa kichwa dirishani, akatazama nyuma polepole, akazima injini. Akashuka.

"Chef, permis yangu ni ya kubeba majiwe. Haiko ya kubeba bamama."

"Nakuambia weka moto, tuende!"

"Mu ile lori muko bibi ya chef yangu wa équipe, mukubwa yangu wa kazi." Akautia ufunguo mfukoni mwa shati, akafunga kifungo cha mfuko. "Nikimwangusha, ni minye njo nitasema na bwana yake. Haiko weye."

Akaenda kukaa kwenye ukingo wa mtaro, akanyoosha miguu. Askari watatu walikuwa wanatazama maua yaliyoanguka. Mmoja wao, nadhani, alikuwa na mama yake mle lorini. Mkubwa akaingia garini mwake, akaondoka. Sisi tukashuka mmoja mmoja, yule mama mnene tukamshusha kwa shida kuliko tulivyompandisha, tukamaliza kufagia. Mkubwa wa nchi hakupita Likasi safari ile. Ziara ilifutwa bila maelezo. Barabara ilibaki safi kwa ajili yetu wenyewe.

Msidhani iliishia hapo kwa shangwe. Niliitwa. Nilikalishwa kwenye benchi la ofisi isiyo na kibao kuanzia asubuhi mpaka jioni, nikaulizwa nani alinituma. Nikasema ni kazi yangu iliyonituma. Wakauliza tena, nikarudia, na kadiri walivyouliza ndivyo hofu ilivyonitoka, kwa sababu niligundua kwamba jibu lilikuwa la kweli na hawakuwa na la kufanya nalo. Walichukua pasipoti yangu. Mkutano wa Ulaya niliokuwa nimealikwa kusoma kazi yangu ulifanyika bila mimi. Cheo cha uprofesa kilipita mlangoni kwangu mara nyingi kikiwaendea waliokuwa wanafunzi wangu. Dawa za banda zilikatwa, tukawa tunaomba kwa masista na kwa marafiki, vidonge tunavipasua nusu.

Walidhani kunifungia nchini ni adhabu. Wenzangu waliokuwa na pasipoti walimwona mgonjwa mwaka mmoja, wakaandika, wakaenda zao. Mimi sikuwa na pa kwenda, hivyo nilikuwa hapa mtoto wa Banza alipozaliwa, na alipooa. Nilikuwa hapa kampuni ilipodhoofika na mishahara ikakauka, nikaona nani alianguka na nani alisimama, na kwa nini. Niliyoyaandika baadaye juu ya ugonjwa huu, na ambayo ninyi mnafundishwa leo bila kujua yametoka katika stoo ya vitanda, niliyapata kwa sababu nilinyimwa ndege. Siwashukuru. Nasema tu hawakushinda.

Mwaka juzi nilialikwa kwenye ukumbi wa mji nivishwe medali ya utumishi. Nikauliza kama dawa zimefika hospitali. Hazijafika. Nikawaambia basi medali izingoje dawa, zije kwenye boksi moja. Wakasema bibi huyu hajabadilika. Siku ya sherehe nilikwenda kwa Feza.

Anakaa kwa binti yake sasa, kichwa cheupe, macho hayaoni uzi wa sindano tena. Mimi nimestaafu, lakini mtu hastaafu kutembelea watu. Tuliketi uani, kando ya mkeka wa mihogo iliyoanikwa, akanipa kiti kizuri, nikakataa, nikachukua kigoda. Nikamuuliza habari za wale wanaume wawili.

"Beko," akasema. "Banazeeka na minye. Banasema polepole, siku zingine banasahau."

"Na bakikumbuka, banasema nini?"

"Ile ile ya zamani. Banasema nikufe."

"Na weye unabajibu nini?"

Feza alinyoosha mguu wake, akamfukuza kuku aliyekuwa anasogelea mkeka.

"Nabaambia bangoje kwanza. Mihogo yangu haijakauka."